Namna ya Kujipaka Shampuu Kavu ya Unga Bila Kuacha Weupe Kichwani

Nilianza kutumia shampuu kavu ya unga, yaani unga unaopakwa kichwani ili ufyonze mafuta bila kuosha kwa maji, mwaka 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua na Dar es Salaam ikaingia katika mgawo wa maji. Nilikuwa nimesuka twende kilioni, ngozi ya kichwa imelowa mafuta na jasho, na ndoo tulizojaza zilitosha kupikia na kuogesha watoto tu. Tangu wakati huo nimejaribu njia nyingi za kujipaka, na nimesadiki kwamba kinachoamua matokeo ni kifaa kinachoufikisha unga kichwani kuliko unga wenyewe.

Unga wangu ni vijiko vinne vya wanga wa mahindi, ule mweupe unaotumika kuongezea mchuzi uzito, pamoja na kijiko kimoja cha kakao isiyo na sukari ili rangi ikaribiane na nywele nyeusi. Nauchekecha kwa chujio la chai mara mbili, kwa sababu chembe zilizogandamana ndizo zinazoacha madoa. Poda ya watoto yenye talki niliiacha, hasa baada ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kuiweka talki, mwaka 2024, katika kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani kwa binadamu.

Mwanzoni nilitumia kikopo cha chumvi chenye matundu. Unga ulimwagika mwingi mahali pamoja, nikaufuta kwa kitambaa chenye unyevu, na wanga ule ukageuka utando mweupe ulionata kwenye mizizi ya nywele hadi nilipofumua. Kwa hiyo nasisitiza: kichwa kiwe kikavu kabisa kabla ya kupaka, na unga usifutwe kwa kitu chenye maji.

Kwa nywele zilizoachiwa, brashi pana ya poda ya uso ndiyo ninayoiamini kuliko vyote. Ichovye kidogo, ikung'ute ukingoni mwa kikopo, gawa nywele kwa chanuo, kisha ugandamize brashi kwenye ngozi bila kuiburuta. Asiye na brashi achukue soksi nyembamba ya nailoni iliyo safi, aweke vijiko viwili vya unga, afunge fundo, na kupigapiga taratibu; unga hupenya kidogo kidogo kwenye vitundu vya kitambaa. Pamba haifai, kwa kuwa nyuzi zake hunasa kwenye nywele.

Kwa waliosuka, kazi inahitaji subira zaidi, maana unga unatakiwa uingie kwenye njia zilizo kati ya mistari bila kugusa msuko. Mimi hutumia chupa laini yenye mdomo mwembamba, ile ya kupakia rangi ya nywele, ikiwa imeoshwa na kukaushwa vizuri na kujazwa unga nusu tu, nikiiminya kidogo kila baada ya upana wa vidole viwili. Kisha napitisha brashi ndogo ya kupakia rangi za kope juu ya njia hizo, nasubiri dakika kumi, na kukung'uta kwa taulo kavu. Nywele za kipilipili hazihitaji unga kwenye urefu wake, kwa sababu mafuta ya ngozi hayashuki kwa urahisi kwenye nywele zilizojikunja, na unga ungezikausha bure.

Wakati mzuri ni usiku, kabla ya kufunga kilemba cha rangi nyeusi, kwani kakao huchafua foronya. Ziba pua kwa kanga, zima feni, na ukae mbali na jiko la mkaa au la gesi, kwa kuwa vumbi la wanga likitanda hewani hushika moto. Mwenye pumu asitumie njia ya chupa kabisa.

Unga hufyonza mafuta tu, hauondoi uchafu. Mimi sipaki zaidi ya mara mbili kabla ya kuosha kichwa kwa maji. Brashi na soksi nazo huoshwa siku hiyohiyo na kuanikwa juani.