Dawa ya tangini haifiki kwenye valvu

SWALI: Assalamu alaikum, fundi. Mimi ni dereva wa teksi, Shela, Malindi. Nimenunua gari lenye injini ya kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Asubuhi nikiliwasha linatetemeka na kumisi, yaani silinda inaruka bila kuwaka, likipata moto linatulia. Nimetiliwa dawa ya kusafisha tangini zaidi ya mara moja, hali ni ile ile. Je, nozeli, yaani vipuliza petroli, zimekufa?

JIBU: Waalaikumu salamu, ndugu yangu. Nozeli usinunue kwanza. Za injini hii ni ghali, na dalili zako zinanielekeza kwingine.

Kwenye injini ulizozizoea, nozeli inakaa kwenye njia ya hewa na kuipiga valvu petroli mgongoni, kwa presha ya bar 3 au 4 hivi. Yako imechomoza ndani ya silinda yenyewe, na muda wa kupuliza ni mfupi mno: injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mzunguko mmoja unakwisha kwa milisekunde 20. Ndiyo maana kuna pampu ya pili, inayosukumwa na kemshafti (mhimili unaofungua valvu), inayopandisha presha hadi bar 200 au zaidi. Tairi lako lina kama bar 2 tu!

Faida ipo. Petroli ikigeuka mvuke humo ndani huipoza hewa, injini ikaweza kubana hewa zaidi bila kugonga, yaani bila petroli kulipuka kabla ya wakati. Mercedes-Benz 300 SL ilikuwa na mfumo huu tangu 1954, na Mitsubishi ikauleta na kompyuta yake kwenye Galant mwaka 1996.

Lakini mgongo wa valvu za kuingiza hewa sasa haupati petroli kabisa. Mvuke wa oili unaorudishwa kwenye njia ya hewa unagandia pale, ukiungua unakuwa masizi magumu, na safari fupi kama zako za mjini na uwanja wa ndege huzidisha. Dawa ya tangini inasafiri na petroli, kwa hiyo inaweza kusafisha ncha ya nozeli, valvu haizigusi. Inaniuma kuona dereva anatoa jasho lake kwa chupa isiyoweza kumfaa. Toyota, kwenye mfumo wa D-4S, waliweka nozeli za aina zote mbili, na valvu zikapata kuoshwa tena.

Anza na plagi na koili, inayoipa plagi umeme: hamisha koili ya silinda inayomisi uiweke kwenye nyingine. Kumisi kukihama nayo, umempata mwizi. Kusipohama, manifoldi ya hewa (bomba linalogawa hewa kwa silinda) ifunguliwe mtazame kwa tochi. Masizi hutolewa kwa kupuliziwa maganda ya jozi yaliyosagwa, kwa kompresa, bila kufungua silinda hedi. Simama hapo hapo uhakikishe valvu za silinda inayopulizwa zimefungwa, maana maganda yakiingia ndani utafungua injini nzima. Na bomba la pampu ya presha mtu asiliguse injini ikiwa imezimwa sasa hivi. Petroli ya presha ile hupenya ngozi.