Hema tupige wapi Hell's Gate?

SWALI: Dada habari, tuko sita tunataka kulala mbuga ya Hell's Gate, Naivasha, wikendi hii. Tupige hema karibu na korongo ama juu?

JIBU: Juu kaka, tena msibishane. Korongo la Ol Njorowa ni zuri ajabu lakini mvua ikinyesha huko mbali maji yanashuka ghafla hata kama kwenu hakuna tone, 2012 na 2019 watu walikufa hivyo na bado inaniuma. Kambi za Naiburta na Ol Dubai ziko juu ya magenge, asubuhi yake tamu sana. Bebeni maji ya kutosha, chakula fungieni kwa gari, nyani wanaiba. Korongoni mshuke na mwongoza watalii, mawingu yakikusanyika rudini.