Batman wa 1966 kwenye diski: masharubu ya Joker na malalamiko mengine

Tangu nilipolisifia hapa kasha la Batman, ile tamthilia ya Adam West (Batman) na Burt Ward (Robin, msaidizi wake) iliyorushwa na ABC ya Marekani kuanzia Januari 1966 hadi Machi 1968, maswali hayajakatika. Yaliyofanana nimeyaunganisha. Ya matusi nimeyaweka kando.

Sehemu zote 120 zilikuwepo tangu enzi hizo. Kwa nini tulisubiri hadi 2014 kuzipata kwenye diski? Zilikuwa zimepotea? (Msomaji, Morogoro)

Hazikupotea, ila zilikuwa na wenyewe wawili, na fahali wawili hawakai zizi moja. Tamthilia ilitengenezwa na 20th Century Fox pamoja na Greenway, kampuni ya mtayarishaji William Dozier. Wahusika ni mali ya DC Comics, wachapishaji wa vitabu vya katuni, na DC iko chini ya Warner. Kwa hiyo Fox ilikuwa na kazi yenyewe lakini haikuweza kuiuza kwenye diski bila Warner, na Warner ilikuwa na Batman lakini si huyu. Mikataba iliandikwa kabla watu hawajawa na deki sebuleni, hivyo haki ya kurusha kipindi hewani ilieleweka vizuri; ya kumuuzia mtu aende nacho nyumbani ikabaki ya kugombaniwa. Ndiyo maana kipindi kilirudiwa kwenye runinga miaka nenda miaka rudi huku dukani hakuna kitu. Januari 2014 Conan O'Brien, yule mtangazaji wa vipindi vya usiku, ndiye aliyeropoka kwenye Twitter kwamba kasha linakuja mwaka huohuo. Warner ikalitoa Novemba 11.

Nimenunua Blu-ray, diski zenye picha kali kuliko DVD, nikajuta. Joker ana masharubu chini ya rangi! Na Batman akianza kupigana anageuka mtu mwingine kabisa. Si wangevifuta kwa kompyuta? (Msomaji, Tanga)

Hapana, ndugu yangu, na ningewalaani wangethubutu. Cesar Romero, aliyecheza Joker, alikataa katakata kunyoa masharubu yake, basi wakayapaka rangi nyeupe pamoja na uso mzima. Kwenye TV ya chogo hukuyaona. Lakini tamthilia ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, maana yake uzuri wote, na aibu zote, vilikuwemo humo tangu siku ya kwanza. Ni TV zetu tu zilizotuficha. Sasa akicheka ukimtazama kwa karibu unaona vinywele vimesimama ndani ya ile rangi kama majani kwenye chokaa. Mimi hurudisha nyuma nikaangalia tena.

Hao wanaopigana badala ya Batman na Robin ni kweli, sura zao sasa zinaonekana waziwazi. Lakini ukiwa umekodoa macho, tazama na zile tukio za kupanda ghorofa kwa kamba. Ukuta umelazwa sakafuni, kamera imepinduliwa ubavu, na wawili wanatembea wameinama huku wakijifanya wanavuta uzito. Majoho yao yanavutwa kwa uzi ili yaonekane yananing'inia. Kisha dirisha linafunguka, anachungulia nyota kama Jerry Lewis au Sammy Davis Jr., wanasalimiana kana kwamba wamekutana sokoni.

Halafu kuna rangi. Suti ya zambarau ya Joker, ile kijani ya Riddler, adui mwingine, pango la maadui lililopigwa kamera ikiwa imeinama upande: vitu hivyo viliwekwa ili kuuza rangi wakati ambapo nyumba nyingi za Marekani bado zilikuwa na TV nyeusi na nyeupe. Nakala nyingi za marudio nilizowahi kuona zilikuwa zimepauka. Hizi hapana.

Na ninyi mnaolalamikia mistari miyeusi pembeni mwa kioo: picha ilipigwa karibu mraba, ndivyo ilivyo. Mkiivuta kwa rimoti mtamnenepesha Burgess Meredith bure, na Penguin, adui anayemcheza, tayari ana tumbo.

Mimi mtazamaji wa zamani, niko Minnesota. Nina hakika mwisho wa baadhi ya sehemu umekatwa. Watu wananiambia nazeeka. (Msomaji)

Huzeeki, mzee wangu. Diski za kwanza zilitoka zikiwa na mapengo madogomadogo, yakiwemo yale ya mwisho yanayomtangaza adui wa wiki ijayo. Wateja walipiga kelele na Warner ikatengeneza diski za kubadilishia. Anayenunua kasha la mtumba amwulize muuzaji kama lina zile zilizosahihishwa. Lakini tuwe waadilifu: nakala za marudio zilikatwa zaidi ili matangazo yapate nafasi, na kuna mazungumzo mazima kwenye kasha hili ambayo wengi wetu hatukuwahi kuyasikia.

Filamu ya 1966, ile ya papa anayelipuka, mbona haimo? Na mtuamulie: mimi nasema Catwoman bora, yule adui wa kike, ni Julie Newmar, mume wangu anasema Eartha Kitt. (Msomaji, Mombasa)

Filamu ilikuwa ya Fox, na ilishatoka peke yake zamani. Blu-ray yake ni ya 2008. Inunuliwe kando. Humo, dada yangu, Catwoman ni mwingine tena, Lee Meriwether.

Ugomvi wenu ni mgumu. Newmar alicheza misimu miwili ya kwanza na ndiye anayemfanya Batman ababaike. Sijaona aliyemfikia kwa hilo. Lakini mimi niko na shemeji. Kitt aliingia msimu wa tatu kwa sehemu chache tu, akaja na ile sauti ya kukoroma kipaka na herufi R anayoivuta mpaka ikuume. Mwanamke mweusi kwenye runinga ya Marekani, 1967, anawaamrisha majambazi wazungu nao wanatii, na hakuna anayeona ajabu. Hilo peke yake linanitosha.

Bei ya kwanza ya Blu-ray ilikuwa dola 269.97! Kwa lipi? (Msomaji, Nairobi)

Kwa gari dogo la kuchezea la Hot Wheels, kadi 44 na kitabu cha picha za Adam West, pamoja na diski. Mtu wa kutazama tu achukue DVD, ilitangazwa kwa 199.70, au avizie makasha yasiyo na vikorombwezo. Kinachoniudhi si bei bali vipindi vya nyongeza, vimemwegemea West mno. Ningelirudisha lile gari nipewe saa moja ya Yvonne Craig, Batgirl wa msimu wa tatu. Alifariki Agosti 2015, kasha likiwa halijatimiza mwaka.

Shemeji anarudi kutoka Texas, nimwagize? Deki yangu itacheza? (Msomaji, Kisumu)

Soma nyuma ya kasha kwanza. Diski hufungwa zichezwe eneo fulani la dunia tu, yaani kanda: DVD za Marekani huwa za kanda namba 1, nasi Afrika Mashariki tuko kanda ya 5. Blu-ray zao ni A, zetu ni B. Deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa mitaani hucheza kanda zote za DVD. Kwa Blu-ray usibahatishe, na deki ya DVD haisomi Blu-ray hata uibembeleze.

Shikamoo. Wadogo zangu wamezoea Batman wa gizani mwenye sauti ya kukwaruza. Huyu wanamcheka. Ndivyo ilivyokusudiwa? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Ndivyo hasa, mwaka 1966 iliteuliwa kuwania Emmy, tuzo ya runinga ya Marekani, kwenye kundi la vichekesho. Siri ni kwamba West mwenyewe hacheki hata mara moja. Anamkumbusha Robin adabu za barabarani katikati ya hatari, kwa uso wa mwalimu wa zamu.

Waanzishie sehemu ya kwanza kabisa, ya Januari 12, 1966: Frank Gorshin ndiye Riddler, na Batman anakunywa kinywaji kilichotiwa dawa kisha anaingia uwanjani kucheza dansi yake ya Batusi. Usizime hapo, maana misimu miwili ya kwanza kisa kilianza Jumatano kikamalizika Alhamisi. Msimu wa tatu pesa zilishapungua, mapango ya maadui yakawa chumba cheusi chenye vipande vya mbao vilivyopakwa rangi. Huo waachie waufikie wenyewe, wakipenda.