Mjomba asisubiri figo ya nguruwe

Tukuyu

Mwanangu Tusajigwe,

Umeuliza kama mjomba wako aachane na habari ya mchangiaji wa figo, asubiri figo za binadamu zinazooteshwa ndani ya nguruwe. Asisubiri.

Kazi hiyo huanzia kwenye kiinitete cha nguruwe. Huzimwa jeni mbili, SIX1 na SALL1, ambazo bila hizo figo haijengeki. Pengo linabaki. Hapo huingizwa seli shina za binadamu, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa za kiungo chochote, zilizotengenezwa kwa kurudisha seli za mtu mzima katika hali ya uchanga, kisha kiinitete hupandikizwa kwa nguruwe jike.

Ugumu ni kwamba seli zetu huzidiwa. Mimba ya nguruwe ni siku 114 hivi, ya kwetu 280. Za nguruwe zinakimbia, zetu zinasukumwa pembeni na kufa. Ndiyo maana watafiti wa Guangzhou, China, waliziongezea jeni ya MYCN ili zishindane na BCL2 ili zisijiue. Mwaka 2023 walitangaza matokeo: viinitete 1,820 kwa majike 13, vikachunguzwa vitano tu, vya siku 25 na 28. Katika figo zake, seli za binadamu zilifika asilimia 50 hadi 60.

Watu wengi wameishia kusoma hapo. Figo ile, mwanangu, ni ya kati: hutokea mapema tumboni, kisha hupotea na kuiachia nafasi figo ya kudumu. Mishipa yake ya damu ilibaki ya nguruwe, na mishipa ndiyo ambayo kinga ya mwili wa mgonjwa hukutana nayo kwanza. Kinga ikiishambulia, figo inaweza kuziba kwa damu iliyoganda ndani ya saa chache. Tena seli chache za binadamu zilikutwa kwenye ubongo wa viinitete hivyo. Mpaka hilo lizuiwe, naona si haki kuacha mimba kama hiyo ifike mwisho.

Mjomba aendelee kusafishwa damu bila kuruka siku. Muhimbili wanapandikiza figo tangu 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma tangu 2018. Ndugu walio tayari waanze na kundi la damu, presha na sukari. Kulinganisha tishu kutafuata. Na daktari akitaka kumwongezea damu, mkumbusheni kwamba anatafuta figo, maana damu ya watu wengine inaweza kumzalishia kingamwili, silaha za kinga ya mwili, zitakazoikataa figo ya ndugu yake.

Baba yako