Dola 200 za dhamana: nilivyojenga jina upya baada ya kufilisika Houston

Julai 2021 mahakama ilinifutia deni la dola 41,000 kwa karatasi moja iliyokuja kwa posta. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi, bado nimevaa sare za zamu ya usiku, nikawa nasubiri furaha inishike. Haikuja. Zilizokuja, wiki ile ile, ni bahasha za rangi rangi: hongera, umekubaliwa, njoo uchukue gari leo. Nilishangaa. Mtu aliyetangazwa muflisi juzi anakubaliwaje?

Wakili wangu alicheka. Kesi za kufilisika ni kumbukumbu za wazi, akasema, na wauza magari wanazisoma. Wanajua huna deni lingine, na wanajua kwamba ukishafutiwa madeni kwa njia ya Chapter 7, sura ya sheria ya ufilisi niliyoitumia mimi, huwezi kufutiwa tena kwa njia hiyo mpaka ipite miaka 8 tangu ulipofungua kesi. Kwao wewe ni mteja mzuri asiye na pa kukimbilia. Gari moja walilonitumia picha yake lilikuwa na riba ya asilimia 22.

Tuanzie nyuma kidogo. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Houston. Deni lilitokana na upasuaji nikiwa sina bima, msiba wa baba Tanzania nilioubeba kwa kadi tatu, na gari nililokopa nikiwa bado najiona tajiri. Machi 2021 nikafungua kesi. Kikao cha kukutana na wadai kilifanyika kwa simu kwa sababu ya korona. Hakuna mdai hata mmoja aliyepiga. Msimamizi wa kesi aliniuliza mambo mawili yaliyonitoa jasho: fedha ninazotuma nyumbani, na mali yoyote niliyonayo nje ya Marekani. Nikataja kiwanja changu cha Chanika, ambacho hakina hata msingi. Wapo walionishauri nikifiche. Usifiche. Mali yako inahesabiwa popote ilipo duniani, na unaapa kabla ya kujibu. Wakili alikitetea kwa misamaha ya kisheria, ile inayokuachia baadhi ya mali zako, yakaisha.

Jambo ambalo sikulielewa mapema ni saini ya binamu yangu.

Yeye ndiye aliyeniwekea saini kwenye mkopo wa gari. Kesi ilinifutia deni mimi tu. Gari nikalirudisha, likauzwa mnadani kwa bei ya kutupa, na dola 6,300 zilizobaki zikamwangukia yeye. Alizilipa kutoka kwenye akiba ya kuanzia nyumba. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Kama kuna ndugu aliyekuwekea saini mahali popote, mwambie kabla ya kwenda mahakamani, si baada.

Sasa tuje kwenye jina. Nyumbani, Mangi wa duka anakukopesha sukari kwa sababu anakujua, anamjua mama yako, na anajua mshahara unatoka lini. Daftari lake lina huruma. Marekani daftari linashikwa na kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, na halijui mama yako ni nani. Jina lako linageuzwa namba, skoa, inayokwenda kutoka 300 hadi 850. Kwa hesabu ya FICO, ambayo wakopeshaji wengi wanaitumia, asilimia 35 ni kama umelipa kwa wakati, na asilimia 30 ni kiasi unachodaiwa, hasa ukilinganisha na kikomo cha kadi zako. Asiyekopa kabisa hana jina. Kwa sisi tuliofundishwa kwamba kukopa ni harusi, jambo hilo linachukua muda kuingia akilini.

Agosti 2021 skoa yangu ilikuwa 538. Kazi ya kwanza haikuwa kukopa bali kusoma. Nilitoa ripoti zote tatu bure kwenye AnnualCreditReport.com, ambayo ndiyo tovuti rasmi, nikakaa nazo mezani pamoja na orodha ya madeni yaliyokuwa kwenye kesi. Deni lililofutwa linatakiwa kuonyesha salio la sifuri na kwamba limeingia kwenye ufilisi. Mawili yalikuwa bado yameandikwa kana kwamba nadaiwa na nimechelewa, na kila mwezi yalikuwa yananipiga upya. Niliandika barua ya pingamizi, nikaambatanisha nakala ya amri ya mahakama. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Yote mawili yakarekebishwa. Ile karatasi ya mahakama itunze kama cheti cha kuzaliwa. Hata leo mkusanya madeni akinipigia kuhusu deni la zamani, namtajia namba ya kesi na simu inakatika.

Kisha kadi. Benki ya kawaida haikunitazama, lakini ushirika mmoja wa akiba na mikopo, SACCOS ya Kimarekani tuseme, ulinipa kadi ya dhamana. Unaweka dola 200 zako mwenyewe, wanakupa kadi yenye kikomo cha dola 200. Ndiyo, unajikopesha fedha yako. Wenzangu kazini walinicheka sana kwa hilo.

Hapa nilikosea, na nataka ulielewe kosa lenyewe. Mwezi wa sita nilinunua dawa, viatu vya kazini na chakula kwa kadi ile, ikafika dola 187. Nikalipa zote siku ya mwisho ya kulipa, bila kuchelewa hata saa moja. Skoa ikashuka kwa alama zaidi ya 20. Nilikasirika nikapiga simu, na dada mmoja mpole akanieleza: kuna tarehe mbili. Kuna siku hesabu ya mwezi inafungwa, na kuna siku ya mwisho ya kulipa, inayokuja kama wiki tatu baadaye. Kwa kawaida kinachopelekwa kwenye ripoti ni salio la siku hesabu inapofungwa. Mimi nilikuwa nalipa vizuri, lakini picha ilikuwa imeshapigwa nikiwa nimetumia asilimia 93 ya kikomo. Tangu siku ile kadi ikabaki na kazi moja tu, nauli ya basi, dola 15 kwa mwezi. Hesabu inafungwa na dola 15, nalipa zote kabla ya tarehe, riba sifuri. Ukivuka asilimia 30 ya kikomo skoa inaanza kulalamika. Chini ya 10 inatulia. Inachosha, haina hadithi, na ndiyo iliyofanya kazi.

Ushirika ule ule ukanipa kile wanachokiita mkopo wa kujenga jina. Fikiria upatu wa mtu mmoja unaopokea wa mwisho: wanafungia dola 500 kwenye akaunti, wewe unalipa kidogo kidogo kwa miezi 12, ukimaliza wanakukabidhi fedha. Riba ilikuwa ndogo, na kila malipo yakaandikwa.

Gari nilikataa. Nilipanda basi miezi 14, na anayeijua Houston Agosti, ukiwa kituoni saa kumi jioni, ataelewa hiyo ni adhabu. Lakini nilipokwenda kuomba mkopo wa Corolla iliyotumika nilipewa riba ya asilimia 11 badala ya 22, kwa saini yangu peke yangu.

Katikati ya hapo alinijia kijana kwenye sherehe ya ubatizo, amevaa vizuri, anazungumza Kiswahili cha kwetu kabisa. Kwa dola 900 angenipa namba mpya yenye tarakimu tisa, safi, niitumie kwenye maombi ya mikopo badala ya namba yangu ya Social Security, ile ya serikali inayokutambulisha kwa wakopeshaji. Huo ni uhalifu, na namba hizo mara nyingi ni za watoto au wazee walioibiwa namba zao. Wapo pia wanaoahidi kufuta ufilisi kwenye ripoti. Taarifa ya kweli haifutiki kwa malipo. Chapter 7 inakaa miaka 10 tangu siku ya kufungua kesi, kwa hiyo yangu itaondoka Machi 2031. Na sheria inawakataza watengeneza skoa kupokea fedha kabla ya kufanya kazi waliyoahidi. Akitaka malipo kwanza, umeshajua.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Nilipiga simu, nikamwambia mama kwamba kwa mwaka mmoja nitatuma dola 60 kwa mwezi na si zaidi, hata ukitokea mchango wa harusi. Sikusema nimefilisika, nilisema nadaiwa. Akanyamaza, kisha akauliza kama nakula. Shangazi mmoja bado hajanisamehe, na sidhani kama atanisamehe. Ila deni la kadi tatu lilianza kwa kuogopa simu kama ile.

Agosti 2022 skoa ilifika 617. Katikati ya 2024, 689. Kwa mikopo ya nyumba ya FHA, ile inayodhaminiwa na serikali, unaweza kuanza kufikiriwa miaka 2 baada ya kufutiwa madeni, kama umejirekebisha. Mimi sijafika huko bado.

Binamu nilianza kumlipa Agosti 2021, dola 150 kila mwezi. Sheria hainidai chochote. Malipo yale hayaonekani kwenye ripoti yoyote na hayakuongeza hata alama moja. Mara ya kwanza alizirudisha, nikazituma tena. Baadaye akaacha kuzirudisha, akawa ananijibu kwa neno moja tu: zimefika. Miezi 42. Ya mwisho ilikwenda Januari 2025.

Kuna upatu wa Watanzania hapa ambao nilikuwemo tangu 2017, watu 12. Habari za kesi yangu ziliwafikia, bila shaka. Kijumbe hakunifukuza, ila kila mzunguko mpya ulipopangwa, namba yangu ilikuwa 12. Maana yake wote wanapokea kwanza, na wewe ukikimbia utakuwa umekimbia na fedha yako mwenyewe. Ilikuwa kadi ya dhamana nyingine, tofauti ni kwamba hii hakuna aliyeniambia ni ya dhamana. Sikuuliza, nilichanga.

Mzunguko wa mwaka huu orodha ilipotumwa kwenye simu, nilianza kutafuta jina langu kutoka chini, kama nilivyozoea. Halikuwepo. Nilikuwa namba 3.