Umepata kazi kiwanda cha nyama Marekani? Usome ubao

Ndugu zangu mnaotoka Nyarugusu na Kakuma, wengi wenu mlipelekwa mji mkubwa, kisha mkawafuata jamaa kwenye vimji vya Iowa, Nebraska au Kansas, penye viwanda vya nyama. Kuajiriwa huko si tabu. Tabu ni kutoka kwenye laini ya visu. Chini utakuta Wakongo, Wasomali na Waguatemala. Kadiri unavyokaribia ofisi, ndivyo sura zinavyozidi kuwa nyeupe.

Hakuna atakayekutukana. Ni kwamba nafasi ya fundi mitambo au ya ukaguzi hubandikwa ubaoni siku chache tu, na mwenyeji amekwisha kuisikia kwa shemeji yake kanisani. Basi pitia ubao kila zamu, piga picha, tafuta wa kukusomea. Omba kwa maandishi yenye tarehe, ubaki na nakala. Ukiomba kwa mdomo, hesabu kwamba hukuomba.

Pia ulizaneni mishahara. Najua kwetu ni aibu, lakini sheria ya shirikisho ya mahusiano ya kazi (NLRA) ya mwaka 1935 inamlinda mfanyakazi wa kiwandani anayezungumzia malipo yake na wenzake. Vibarua wa mashambani waliachwa nje ya sheria hiyo, na kusini mwa nchi wengi wao walikuwa weusi. Mimi siamini kwamba hilo lilitokea tu.

Tazameni Sunflower County, Mississippi. Mwaka 2021 wafanyakazi sita weusi walilishtaki shamba moja: wao walilipwa dola 7.25 kwa saa, huku Wazungu walioletwa kwa viza za muda kutoka Afrika Kusini wakipata zaidi ya dola 11 kwa kazi ileile, na weusi hao walisema wao ndio waliowafundisha Wazungu kazi hiyo. Kesi iliisha kwa makubaliano. Bila kujua mwenzako anapata nini, huna hata pa kuanzia.

Ukibaguliwa kwa rangi, tume ya shirikisho iitwayo EEOC hupokea malalamiko bure, mradi mwajiri ana wafanyakazi 15 au zaidi. Una siku 180 tangu tukio. Kwenye majimbo yenye chombo chao wenyewe cha kushughulikia ubaguzi, kama Iowa, siku 300. Na kumlalamikia meneja hakusimamishi siku hizo. Atakwambia "tunalishughulikia", kwa upole kabisa, na kalenda inakwenda.