Madogo wa mezani, bodi haichezi gemu

Juzi nimetoka kula narudi dukani namkuta dogo mmoja wa pale mezani kwetu kashika kiuno anaitazama monita, ananiambia kaka hii bodi mbovu, gemu linakatakata, nimeshusha setingi zote wapi. Nikainama nyuma ya mashine. Waya wa HDMI kauchomeka kwenye bodi, yaani mazabodi, kadi ya grafiki imekaa pale inazungusha feni tu kama shemeji aliyekuja kutembea. Na prosesa yenyewe 5600G, ina grafiki zake ndani, kwa hiyo picha ikatoka vizuri bila wasiwasi, ingekuwa 5600 ya kawaida skrini ingebaki nyeusi na angestuka mwenyewe.

Nilicheka kwanza, halafu ndo nikamgombeza. Huyo ni wa tatu mwaka huu. Sasa naandika mara moja namna ya kupima bodi kwa gemu, mkisoma mmesoma.

1. Waya wa monita unaingia kwenye kadi, si kwenye bodi. Nshasema.

2. Bodi haichezi gemu. Fremu zinatoka kwa prosesa, kadi na RAM, kazi ya bodi ni kuwalisha hao watatu, na wewe ukiambiwa upime bodi unachotafuta ni wapi inawapunja. Bodi mbili nzima, vifaa vilevile, setingi zilezile, FPS (fremu kwa sekunde) zinatakiwa zikaribiane sana. Ukiona pengo kubwa jishuku wewe kwanza kabla hujaishuku bodi.

Hili mi nimelilipia. Tena alilipa mtu mwingine, ndo maana linauma.

Ilikuwa 2021, kuna bosi mmoja ana kibanda cha gemu huko Mbagala, watoto wanalipa kwa saa. Alikuwa anaunga mashine sita za prosesa ya Ryzen 5 3600, na bodi tayari anazo, za aina ya B450, sita za mkononi, kazipata kwa bei ya kutupa. Akanijia, fundi, hizi zitatosha au nichukue B550, zile mpya zaidi? Nikamwambia niachie moja nikupimie, maana siku hizo nilikuwa nimejifunza kutumia CapFrameX, programu ya kupima fremu, na nilikuwa nawashwa kweli kumwonyesha mtu grafu.

Ile B450 kwa kuwa ilikuwa ya mkononi nikaanza kwa kuitoa betri ya CMOS (ile inayotunza setingi za bodi), dakika kadhaa, nikairudisha. Hiyo ni tabia nzuri na bado naifanya. Halafu nikawasha, ikawaka, nikaingia Windows moja kwa moja, nikafungua CS:GO. Ile B550 ya kulinganisha ilikuwa yangu ya mezani, nimeishi nayo wiki nzima, BIOS yake, zile setingi za ndani ya bodi, nimeipanga kila kitu. Mnaona inakoenda? Mi sikuona. RAM ileile, kijiti kwa kijiti, nahamisha kutoka bodi hii kwenda ile kwa mikono yangu, kwenye B550 inakimbia 3200 kwa sababu XMP (setingi inayoipa RAM spidi yake kamili) nilishaiwasha zamani, kwenye B450 inatambaa 2133 kwa sababu betri nimeitoa mwenyewe na setingi zimerudi za kiwandani. Na mnajua Ryzen za 3000 zilivyo, ukiishusha RAM unaishusha na Infinity Fabric, ile njia ya mawasiliano ndani ya prosesa, kutoka 1600 mpaka 1066 na kidogo, yaani prosesa nzima inaongea kwa kigugumizi.

Pengo likatoka zaidi ya fremu 40, na kwenye 1% low, yaani zile fremu za chini kabisa, ndo kabisa. Nikaona nimegundua kitu. Nikachukua maka peni nikaandika kwenye ile stika nyeupe pembeni ya sloti za RAM, "INAKULA FPS", nikamuita bosi nikamfungulia grafu, nikaongea kama daktari. Jamaa wa watu akaamini. Akaziuza zote sita kwa hasara, akaongeza hela akachukua B550 sita. Ukijumlisha ilikuwa kama laki sita zimekwenda na maji.

Miezi miwili baadaye kijana mmoja analeta mashine, sauti haitoki upande mmoja. Nafungua kava, nakutana na mwandiko wangu. INAKULA FPS. Nilikaa nikaitazama ile stika, yule kijana ananiuliza fundi kuna tatizo, namwambia hapana. Nikaingia BIOS yake kwa jambo lingine kabisa, na pale juu imeandikwa XMP, disebo, yaani imezimwa. Mwili ukapoa. Nikaiwasha, nikamwomba aniachie mpaka jioni, nikaweka prosesa yangu na kadi yangu nikapima upya. Sawasawa na B550. Tofauti ya fremu mbili tatu, ambayo ukirudia tena inageuka.

Na hapa ndo sehemu ya aibu zaidi, nilikaa wiki tatu sijamwambia yule bosi. Nilikuwa nikipita Mbagala napanda gari linalozungukia upande mwingine. Siku niliyokwenda nilimkuta anahesabu chenji za watoto, nikamweleza yote. Akaniuliza, kwa hiyo zile zangu zilikuwa nzima? Nikamwambia zilikuwa nzima. Akaendelea kuhesabu zile mia mbili mbili mpaka zikaisha, ndo akasema kaa basi unywe soda. Mashine zake nazisafisha mpaka leo, vumbi na pesti, bila hela. Hajawahi kuniomba punguzo, ila wateja wake wakiniuliza jina anawahi kuwaambia "huyu anaitwa Inakula".

Kwa hiyo kabla ya kupima, piga picha kurasa za BIOS za bodi zote mbili kwa simu, ziweke pembeni kwa pembeni. Sekunde 30. Kama ni bodi mpya za AM5 na RAM za DDR5 utaitafuta EXPO badala ya XMP, ni yaleyale, ukiisahau RAM ya 6000 itakaa kwenye 4800 na wewe utasema bodi.

3. Vijiti viwili vya RAM vinakaa sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Na CPU-Z, programu ya kuonyesha vifaa, ikikuonyesha 1600 kwenye RAM ya 3200 usinipigie simu saa nne usiku, zidisha kwa mbili ulale.

4. Vsync (inayofunga fremu kwa spidi ya monita) zima, kikomo cha fremu toa. Kuna mmoja alinipimia bodi tatu akanijia anatabasamu, kaka zote 60, ziko sawa kabisa! Monita ilikuwa ya 60 Hz. Nikampa hela akanunue maji, nilihitaji dakika tano peke yangu.

5. Sloti ya kadi. Ile ndefu ya chini imetengenezwa ikaonekana kama ya juu lakini kwenye bodi nyingi za bei ya kati ina njia nne tu za data, kadi weka juu. Thibitisha na programu ya GPU-Z, na bonyeza kile kialama cha kuuliza ili kadi ifanye kazi, maana ikiwa imepumzika itakuonyesha PCIe 1.1 (PCIe ndo njia ya kadi, namba ndo kizazi chake, kubwa ndo yenye kasi) na mtaanza kutukana bodi. Kadi ya RX 6500 XT yenyewe ina njia nne tu, ukiitia kwenye B450 ambayo ni PCIe 3.0 inapoteza fremu za kuonekana kwa macho, na hapo ndo mtu anaweza kusema bodi inapunja akawa na haki. Ila mkumbuke na 5600G haivuki 3.0 hata ukiiweka juu ya B550. Boksi linasema 4.0, prosesa inakataa.

6. Joto. Mnapima dakika tatu chini ya AC halafu mteja anaishi chini ya bati mwezi wa kwanza, Dar hii. Bodi ya bei ya chini ya A320 isiyo na hitisinki kwenye VRM (sehemu inayoilisha prosesa umeme) ukiipandishia Ryzen 9 itakupa namba nzuri mwanzoni, subirini nusu saa mtazame spidi ya prosesa kwenye programu ya HWiNFO inavyoshuka. Bodi nyingi za chini hazina hata sensa ya VRM, kwa hiyo angalia spidi, na kidole usiweke. Nimeweka.

7. Raundi ya kwanza ya gemu tupa, pima tatu zinazofuata.

Haya. Dogo wa HDMI, ile bodi yako iko palepale mezani na waya nimeuhamishia kwenye kadi. Kuna setingi moja ya BIOS nimeichezea makusudi. Kesho nikifika nataka FPS zake na uniambie nimegusa nini, na maka peni nimeficha.